Gesi ya Msimbati sio ya kuchomelea, na argoni safi sio ya fremu za chuma

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na kama itawezekana usinikatie sana, maana hili jambo linaonekana la mafundi peke yao kumbe linamgusa kila mtu anayekalia dawati au anayelala nyumba yenye grili huku Mtwara na Lindi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kibanda changu kipo Mtwara mjini upande wa kuelekea Mikindani, natengeneza mageti, grili, fremu za madawati, kenchi za maghala ya korosho, bodi za maguta, chochote cha chuma kinacholetwa. Miaka mingi nimefanya kwa rodi, hii miaka ya karibuni nimehamia kwenye MIG, yaani mashine inayosukuma waya badala ya rodi huku gesi ikilinda mshono, kama wenzangu wengi, na hapo ndo shida ninayoiandikia ilipoanzia.

Juzi kaja kijana kutoka Masasi, kapanda basi asubuhi kuja kuniona mimi tu. "Shikamoo fundi." Nikamwitikia marahaba, karibu, kaa hapo kwenye benchi. Akanieleza kanunua mashine ya MIG mpya, iko kwenye boksi, waya anao, kilichobaki gesi. Akaniuliza, "Mzee, hivi hii gesi yetu ya Msimbati siwezi kupata mtungi wake nikaunganisha? Mbona sisi ndo wenye gesi halafu tunaambiwa tuagize gesi Dar?"

Swali lake ni la haki kabisa na sio yeye wa kwanza kuniuliza. Sisi watu wa huku tumekua na neno gesi mdomoni, Songo Songo iligunduliwa 1974, Mnazi Bay huku Msimbati 1982, bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa 2015, kila mkutano gesi, kila uchaguzi gesi, sasa mtu akiambiwa mashine inataka gesi akili inaenda kwenye kiwanda cha gesi cha Madimba moja kwa moja. Lakini ile ni methani, gesi ya kuwaka, inaendesha mitambo ya umeme na kupikia. Ya kuchomelea MIG kazi yake ni kinyume kabisa, inatakiwa isiwake, ikae juu ya chuma kilichoyeyuka izuie hewa isiguse. Ukifunga methani au gesi ya jikoni kwenye tochi ya MIG, ile bunduki inayotoa waya na gesi, umejitengenezea bomu mkononi, na oksijeni nayo hivyo hivyo, usithubutu. Nimemwambia yule kijana mara tatu na ninaiandika hapa kwa sababu najua kuna mwingine Nachingwea au Liwale ana mashine kwenye boksi na anawaza hilo hilo.

Kama ni gesi ya kwetu Tanzania ya kuchomelea basi ipo, ila inatoka Rungwe mkoani Mbeya, kule kabonidioksaidi, yaani CO2, inatoka ardhini yenyewe kwenye ile ardhi ya volkano, inakusanywa inajazwa kwenye mitungi, hiyo hiyo ndo inatiwa kwenye soda. Ya Msimbati inawasha moto, ya Rungwe inazima moto, na fremu ya chuma inataka ya Rungwe.

Sasa nieleze kwa nini gesi inahitajika kabisa, maana kuna wateja wanadhani ni mbwembwe za fundi kuongeza bei. Ukichomelea kwa rodi, ule unga uliopakwa kwenye rodi unaungua, unatoa moshi wake na gamba linalofunika mshono, kwa hiyo rodi inajilinda yenyewe. Waya wa MIG uko uchi, hauna unga. Uji wa chuma ukiguswa na hewa tu, naitrojeni na oksijeni zinaingia ndani na chuma kikiganda zinabaki kama vishimo vishimo, unaona mshono umekuwa kama andazi ukilikata katikati. Huku kwetu pwani kila kishimo ni mlango wa kutu, hewa ya chumvi haisubiri, msimu mmoja wa mvua tu unaona mstari wa kahawia unashuka kwenye rangi ya geti.

Ngoja nije kwenye lililoniuma mwenyewe.

Kama miaka miwili iliyopita nilipata oda ya fremu 40 za madawati, skwea paipu ya nchi moja, geji 16, yaani unene milimita moja na nusu hivi. CO2 yangu ilikuwa imeisha. Nikampigia muuzaji mmoja, jina lake naliacha, nikamwambia nataka gesi ya MIG kwa chuma. Akaniambia, "Bosi, nikupe argoni safi, hiyo ndo ya juu kuliko zote, hao wengine wanatumia CO2 kwa sababu ni rahisi." Mtungi ukaja umepakwa rangi upya, hauna lebo, hauna maandishi, nikalipa pesa ndefu kuliko nilivyozoea nikijua nimenunua ubora.

Nikaanza kazi. Moto ulikuwa mtulivu, cheche chache, mlio wake laini, nikafurahi. Ila nikiangalia kwenye kioo naona moto unatangatanga, unaruka huku unaruka kule, hautulii kwenye kona ninayotaka. Mshono ukitoka umesimama juu ya paipu, mwembamba umetuna kama kamba ya katani iliyolazwa pale, kandokando haujalala vizuri na sehemu nyingine umechimba ukingo wa paipu. Nikasema nitausawazisha kwa grenda. Nikasawazisha, nikapiga praima, nikapiga rangi, madawati yakaondoka yakiwa yamependeza kweli kweli.

Haikufika mwezi mwalimu akanipigia, dawati limeanguka na watoto watatu. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia zaidi ya mchubuko mmoja wa goti. Nilienda mwenyewe na pikipiki. Nikaikuta ile fremu imeegemezwa ukutani, mguu mmoja umetoka mzima mzima, na pale ulipokuwa umeungwa niliona kitu ambacho mpaka leo kikinijia nanyamaza: upande wa paipu ya juu kulikuwa na ukingo wa kiwandani, umenyooka, unang'aa, haujayeyuka hata kidogo. Mshono ulikuwa umeshikana na mguu tu, kule juu ulikuwa umeegemea. Ulibanduka kama gundi kavu. Nikaomba fremu zote zirudi, nikazipitia moja moja kwa nyundo, zaidi ya nusu nikazikata na kuzirudia kwa gharama yangu.

Baada ya hapo nilikaa chini nikajifunza vizuri, nikauliza walimu wa ufundi, nikauliza mafundi waliofanya kazi za mabomba, nikasoma, na nilichokipata ndo hiki. Jina argoni limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya mvivu, haiungani kikemikali na kitu chochote. Hewa tunayovuta ina argoni kama asilimia 0.93 hivi, viwandani wanaipoza hewa mpaka inakuwa kimiminika halafu wanaitenga, ndo maana bei yake iko juu. MIG ilipoanza kule Marekani mwaka 1948 ilikuwa ya aluminiamu, na kwa aluminiamu argoni safi ni sawasawa kabisa mpaka leo. Chuma cheusi ni habari nyingine. Moto wa argoni safi kwenye chuma unakosa kitu cha kuushikilia, unahangaika kutafuta vipande vya oksaidi, yaani chuma kilichoshikana na oksijeni, juu ya chuma, joto lake limekusanyika katikati kama sindano na pembeni ni baridi, kwa hiyo uji hausambai. Unahitaji oksijeni kidogo ndani ya ile gesi, kama ile inayotoka kwenye CO2 na sio ya mtungi wa oksijeni, ili moto utulie na uji utambae. Ikifika 1953 watu wakaanza kutumia CO2 kwa chuma na hapo ndo MIG ikawa rahisi kwa watu wa fremu na magari. Kwa hiyo yule muuzaji aliponiambia argoni safi ni ya juu hakudanganya kuhusu bei, kazi yangu ndo hakuijua.

CO2 ikiingia kwenye moto inapasuka, inakuwa kaboni monoksaidi na oksijeni, halafu zikifika kwenye chuma zinarudiana na kuachia joto pale pale, ndo maana inachimba, inaingia ndani kwenye mzizi wa kona. Ile oksijeni inataka kula chuma, ila waya mzuri umewekewa manganizi na silikoni za kuikamata, ndo ule waya ulioandikwa ER70S-6, ukinunua waya soma hiyo 6 mwishoni. Baada ya kuchomelea utaona juu ya mshono vijipande vya kahawia kama vioo, hizo ndo silikoni na manganizi zilizoungua, zipige na brashi ya waya kabla ya praima maana rangi haishiki juu yake, itabanduka na watu watasema fundi kapaka rangi feki.

Ubaya wa CO2 ni cheche. Inarusha vitone, nozo, yaani mdomo wa tochi, inaziba, kando ya mshono pana vipele unavitoa kwa patasi au grenda. Kuna mwenzangu Lindi mjini kaichukia kabisa kwa hilo. Mi naona kwa fremu za kazi, kenchi, madawati, mabenchi ya kukaushia, vipele ni gharama ndogo ukilinganisha na mguu wa dawati kutoka. Paka mafuta ya nozo, punguza urefu wa waya unaotoka, uwe kama milimita 10, weka volti sawa, vipele vinapungua sana.

Mchanganyiko sasa. Kuna mitungi ina argoni asilimia 75 na CO2 25, mingine 80 kwa 20. Hiyo kwa kweli ni gesi nzuri, na mi siwezi kusema uongo, geti la mtu mwenye nyumba Shangani anayetaka mshono uonekane na upendeze naomba mchanganyiko, na paipu nyembamba ya geji 18 inatoboka kirahisi kwa CO2, mchanganyiko unaivumilia zaidi. Ila mafundi wanakosea hapa: wanabadilisha mtungi wanaacha mashine vile vile. CO2 inataka volti moja au mbili zaidi ya mchanganyiko kwenye kazi ile ile. Ukitoka CO2 kwenda mchanganyiko shusha, ukitoka mchanganyiko kwenda CO2 pandisha, halafu jaribu kwenye kipande kabla hujagusa kazi ya mtu. Zile argoni asilimia 90 na zaidi ni za moto wa kunyunyiza, waya unarushwa kama vitone vidogo vidogo, kwenye mabamba manene viwandani, kwa skwea paipu tuziache.

Watu wanauliza ipi inaisha haraka. CO2 kwenye mtungi iko kimiminika na kilo moja ikitoka inakuwa kama lita 540 za gesi. Mtungi wa kilo 25 ni lita kama 13,500, ukichomelea kwa lita 12 kwa dakika unapata karibu saa 19 za moto wenyewe, na moto wenyewe sio siku nzima, kwa siku ukijumlisha unaweza usifike hata saa mbili. Mtungi wa mchanganyiko wa lita 50 uliojazwa presha ya bar 200 unatoa kama lita 10,000, saa 14 hivi kwa mwendo ule ule. Halafu wa CO2 geji yake haikwambii kitu, inasimama pale pale mpaka kimiminika kiishe ndo inaporomoka, kwa hiyo ukitaka kujua kilichobaki weka mtungi kwenye mizani ya korosho, toa uzito wa mtungi mtupu uliogongwa kwenye shingo. Nilinunua mtungi "umejaa" mara moja, nikaupima baadaye nikakuta nusu. Sasa hivi muuzaji akija mizani iko nje kabisa anaiona.

Na joto letu hili, Mhariri, watu wanaacha mitungi juani. CO2 kwenye nyuzi joto 20 inakaa kama bar 57, ikifika 30 ni 72 hivi, na ikipita 31 kimiminika hakipo tena na presha inapanda kwa kasi. Mwezi wa kumi na mbili hapa Mtwara mtungi kwenye bati la lori unapita hapo mapema tu. Weka kivulini, umefungwa mnyororo, umesimama. Cha ajabu pamoja na joto lote hilo ukichomelea mfululizo utaona regileta, kile kifaa cha kupunguza presha kwenye mtungi, inatoka jasho halafu inaota barafu nyeupe, maana kimiminika kikigeuka gesi kinavuta joto, na ikiganda gesi inakatika katikati ya mshono. Mwagia maji ya uvuguvugu au pumzika kidogo. Nimemwona mtu anaipasha na moto wa gesi, jamani hapana.

Jambo kubwa kuliko yote niliyosema mpaka hapa ni upepo. Mtu anaweza kuwa na gesi sahihi, waya sahihi, volti sahihi, halafu anachomelea nje kwenye kiwanja saa nane mchana wakati wa kusi. Gesi inayotoka kwenye nozo ni pumzi tu, upepo wa mita mbili kwa sekunde unatosha kuiondoa, hiyo ni kama kilomita saba kwa saa, yaani ule upepo unaotikisa kanga kwenye kamba. Sisi wa pwani kuanzia mwezi wa nne mpaka wa tisa tunakaa na zaidi ya huo. Mafundi wengi wakiona vishimo wanafungua gesi zaidi, 15, 20, 30, na hapo wanaharibu zaidi, kwa sababu gesi ikitoka kwa nguvu inajizungusha na kuvuta hewa ya nje ndani. Kwa fremu lita 10 mpaka 15 zinatosha. Dawa ni kuziba upepo. Mi nina turubai mbili nimeshonea vyuma chini zisipeperuke, naziweka upande wa baharini, na kazi za kona ndefu nafanya asubuhi kabla upepo haujaamka. Feni nayo usiielekeze kwenye mshono, ielekeze mgongoni kwako.

Kenchi ikiwa juu ya ghala huko Newala au Tandahimba, kwenye ile tambarare ya juu hamna turubai itakayosimama, usilazimishe gesi. Tumia rodi, hamna aibu, au tumia waya wenye unga ndani usiohitaji mtungi. Ila huo waya una jambo lake ambalo limeharibu kazi nyingi kuliko watu wanavyojua: lazima ugeuze nyaya ndani ya mashine. Waya wa gesi tochi inakaa chanya, waya wa unga usiotaka gesi tochi inakaa hasi na klampu inakaa chanya. Asipogeuza, mshono unatoka mchafu, cheche kila mahali, hauzami, halafu anasema mashine mbovu. Yule kijana wa Masasi boksi lake lilikuwa na waya huo, na mashine ilikuwa imefungwa kwa ajili ya gesi. Angeanza kazi hivyo hivyo.

Kuna wanaojaribu kutumia mtungi wa kuzimia moto kwa sababu nao una CO2. Ni kweli ni gesi ile ile, lakini ndani una bomba linalofika chini, unatoa kimiminika badala ya gesi, regileta itaganda na kuharibika, na jengo lako litakosa kizima moto siku ya siku. Ya soda inafanya kazi kama ni kavu. Unyevu ndo adui, na mipira ya kupitishia gesi iliyopasuka inavuta unyevu wa bahari, ipake maji ya sabuni uangalie mapovu.

Kuhusu afya nitasema machache. Mabomba ya mabati toa zinki kwa grenda pale unapounga, moshi wake mweupe unaleta homa ya usiku yenye baridi na kutetemeka, na maziwa tunayokunywa mafundi hayaizuii, kinachosaidia ni hewa kupita na barakoa ya kweli. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Na usichomelee ndani ya tenki au shimo peke yako, argoni na CO2 zote ni nzito kuliko hewa, zinatuama chini, mtu anazimia bila kusikia harufu yoyote.

Yule kijana nilimpa vipande viwili vya skwea paipu, nikamwonyesha, akaunga mwenyewe kwa CO2 yangu. Tukabana kwenye vaisi, nikampa nyundo ya kilo mbili nikamwambia piga mpaka ikunjike. Kapiga mpaka jasho linamtoka, paipu imejikunja imelala, mshono uko pale pale. Halafu nikamtolea kimoja nilichokihifadhi cha wakati ule wa argoni safi. Mapigo mawili kikabanduka. Hakusema kitu, akakiokota, akageuza, akapitisha kidole kwenye ule ukingo unaong'aa ambao haujayeyuka. Aliniomba akichukue na nikampa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaogawa kazi za madawati, meza za zahanati, kenchi za maghala, iwe shule, kijiji au chama cha msingi: kabla ya kupokea mzigo muombe fundi aunge kona moja mbele yenu kwa mashine ile ile na mtungi ule ule, halafu ipigwe nyundo. Inachukua dakika kumi. Rangi isiwadanganye, madawati yangu yale yalikuwa na rangi nzuri kuliko yote niliyowahi kupeleka. Na vyuo vyetu vya ufundi Mtwara na Lindi, vijana wanatoka wanajua kuwasha mashine, tafadhali wafundishwe pia kusoma mtungi na kupima kilo.

Na kwa wauza gesi, hamjakosa wateja na hamtakosa, mji unajengwa. Nawaomba msiuze mtungi uliopakwa rangi juu ya rangi bila maandishi, maana sisi wa mwisho wa nchi hatuna pa kuupeleka ukapimwe. Andikeni kilichomo, asilimia zake, kilo au bar, na tarehe ya kujazwa. Karatasi yenye mistari minne iliyobandikwa shingoni. Ningekuwa na karatasi hiyo siku ile nisingemwamini mtu kwa mdomo, na wale watoto watatu wasingeanguka.

Wako,
Fundi wa fremu,
Mtwara mjini.